Mzee Randa na Mashine za Mkwewe

Mtaa mzima ulimwita Mzee Randa, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa na namna yake ya kupiga randa iliyowafanya wapita njia wasimame: mguu mmoja mbele, mgongo umenyooka, pumzi anaishusha polepole pamoja na mkono, na maranda yanatoka membamba, marefu, yanajikunja sakafuni bila kukatika. Ukiliinua moja la kwake dirishani, mwanga unapita. Alipenda kuwaambia wateja hivyo, na mteja akionyesha dalili ya kutoamini, kazi ilisimama mpaka waende wote dirishani wakahakikishe.

Ufundi alifundishwa na mjomba wake, mtu wa maneno machache na makofi mengi. Kwa ufundi huo alioa, akajenga, akasomesha. Kitanda alicholalia, meza aliyolia, mlango aliofunga jioni, vyote vilipita mikononi mwake. Alipata mtoto mmoja tu, wa kiume, naye hakuvutiwa na mbao hata kidogo. Alikua akawa dereva wa malori ya safari ndefu. "Mwanangu anapenda mbao zikiwa zimeshapakiwa," Mzee Randa alikuwa akisema, na watu wakicheka na yeye alicheka, ingawa si sana.

Kisha kiwiko cha mkono wa kulia kikaanza kuuma, maumivu yakashuka hadi kwenye kifundo. Akapaka dawa za kila aina, akafunga vitambaa, akamdanganya mkewe kwamba kimepona. Mwishowe hata bisibisi ikawa haizunguki mkononi mwake. Daktari alimgeuzageuza mkono ule, akambonyeza hapa na pale, akamwambia mzee, mkono huu umefanya kazi ya mikono mitatu, sasa upumzishe.

Akapumzika. Yaani, aliyepata taabu ni mkewe. Mtu aliyezoea kuondoka asubuhi na kurudi na vumbi kichwani sasa alishinda jikoni, anakagua. Mara rafu imekaa upande, mara mfuniko wa sufuria hauendani na sufuria yake, mara kiti hiki kinalia.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, "hilo sufuria limekukosea nini? Liache lipumue."

Hapo ndipo alipohamia mkwe, mke wa yule mwanawe dereva. Mumewe akiwa safarini muda mwingi, yeye aliona ni upweke kukaa peke yake katika vyumba vya kupanga, akaja kukaa na wakwe zake, kwenye vyumba vya nyuma. Alikuja na masanduku ya nguo machache na masanduku ya mashine mengi. Kwani na yeye alikuwa fundi. Alifanya makabati ya jikoni: anapima, anakata, anakwenda kuyafunga nyumbani kwa mteja, milango inafungwa kwa kusukumwa na kidole. Akaomba kwa adabu atumie banda la uani, na Mzee Randa akakubali, kwa adabu vilevile, huku moyoni anasikia kama mtu aliyehamishwa kitandani.

Mashine zenyewe zilikuwa za rangi moja, kijani cha majani mabichi: drili, msumeno wa duara, mashine ya msasa. Zote zilitumia betri za aina moja, mfano wa tofali dogo, na ukutani kulikuwa na chaja inayopepesa taa nyekundu hadi betri ijae, kisha inageuka kijani. Mzee Randa alizitazama kwa jicho la pembe.

Mkwe hasemwi usoni. Kwa hiyo alimsema kwa mkewe, kwa sauti ya kufika bandani. "Mama, umesikia? Linalia kama mbu mwenye mafua. Halafu fundi anasubiri kitu kijae chaji ndipo aanze kazi! Sisi tulikuwa tunakunywa chai, tunaanza."

Kutoka bandani ikaja sauti ya upole: "Hata chai ni chaji, baba."

Mkewe alicheka hadi akaweka mwiko chini.

Kilichomshangaza zaidi mzee ni desturi za mkwe huyu. Kabla ya kugusa chochote alifunga nywele, akavua bangili, akavaa miwani ya plastiki. Mbao aliibana kwa jiliwa hata kama ni kipande cha kushika kwa mkono. Akimaliza kukata hatembei na msumeno. Anasimama nao palepale, anasubiri meno yake yaache kuzunguka, ndipo auweke chini. Na kila alipotaka kubadilisha ncha ya drili, hata kama ni kwa nukta moja, alibonyeza vifungo viwili vya pembeni, akachomoa betri, tak, akaiweka juu ya meza. Simu ikiita, tak. Akienda kunywa maji, tak.

"Anaishika kama bunduki," mzee alimnong'oneza mkewe.

"Labda anajua anachokishika," mkewe akajibu, akiendelea na shughuli zake.

Basi, siku moja mkwe alikwenda kupima jiko la mteja. Mke wa Mzee Randa alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma anamenya viazi, na kile kiti kinacholia kilikuwa kimelia sana asubuhi hiyo. Mzee akakibeba hadi bandani. Kilihitaji skrubu mbili tu, moja ndogo na moja nene. Akajaribu bisibisi; kiwiko kikamjibu vibaya. Akaitazama drili. Ilikuwa imelala kwenye sanduku lake, na betri kando yake. Akachungulia mlangoni. Mkewe amempa kisogo, anahesabiana na viazi vyake.

Akaipachika betri. Akabonyeza kidogo. Ikanguruma kidogo. Akaweka ncha juu ya mguu wa kiti, akabonyeza zaidi, na tundu likatokea, safi, limenyooka, kama alilolitaka moyoni. Skrubu ndogo ikazama yenyewe. Na mkono haukuuma! Alisimama pale akakitazama kiwiko chake kama mtu aliyekutana na rafiki aliyedhani amekufa. "Kumbe," akasema peke yake. "Kumbe bwana."

Sasa ilibaki skrubu nene, iliyotaka ncha nene. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kazi la siku zote, la bluu, ambalo lilimtosha enzi za ujana na sasa lilining'inia, mikono yake mipana haina vifungo. Akaishika drili kwa mkono wa kulia, betri ikiwa ndani, na kwa mkono wa kushoto akaanza kuufungua mdomo wake ili atoe ncha. Ulikuwa umekaza. Akaikumbatia vizuri, akakaza mkono, na kidole kilichokuwa kimepumzika kwenye kitufe kikakaza pamoja na wenzake.

Drili ikaruka. Ilidaka mkono wa koti, ikauzungusha, ikauvuta, ikapanda nao kuelekea kiwiko kama kitu chenye hasira, na ncha ikapita kwenye kiganja ikiacha moto. Mtu akishtuka huwa anabana alichoshika. Mzee naye alibana, na alivyobana ndivyo ilivyozidi kuzunguka.

"Mama watoto!"

Mkewe alifika kisu kikiwa mkononi na ganda la kiazi limening'inia. Akaona. Akakitupa kisu. Hakumvuta mumewe mkono, hakuishika mashine puani. Alipeleka vidole vyake moja kwa moja chini ya mpini, akabonyeza vifungo viwili vya pembeni, akachomoa. Tak.

Drili ikasimama. Mzee Randa alikuwa amesimama ameinama upande, amefungwa kwa koti lake mwenyewe, anahema.

"Umejulia wapi?" aliuliza.

"Na mimi nina macho," mkewe akasema. Kisha akakaa juu ya kile kiti, ambacho sasa hakikulia.

Walilikata koti kwa mkasi. Jeraha lilikuwa kati ya kidole gumba na cha shahada, si la kutisha lakini la kushonwa, na muuguzi wa zahanati alilishona akimuuliza mzee maswali ambayo mkewe ndiye aliyeyajibu. Njiani kurudi wakaanza kupanga la kusema.

"Nitamwambia nimejikata na kisu cha viazi," mzee akasema.

"Tangu lini ukamenya viazi?"

"Nimeanza leo."

"Na koti je? Nalo lilikuwa linamenya?"

Alikuwa na haya kweli. Miaka yote ile, misumeno yote, patasi zote, hakuwahi kuondoka kazini na kidole pungufu, na alijivunia vidole vyake kuliko nyumba yake. Leo ameshindwa na kitu ambacho amekicheka kwa kinywa kipana, tena kwa skrubu mbili.

Mkwe aliporudi aliona bendeji kabla hajavua viatu. Akaenda bandani, na mzee, aliyekaa kibarazani anajifanya anaangalia mawingu, alimsikia akisimama ghafla. Drili ilikuwa mezani, mdomo umejaa nyuzi za bluu. Walikuwa wamesahau nyuzi.

Akatoka nayo, haina betri, pamoja na koleo ndogo, akakaa chini karibu na miguu ya mkwewe, akaanza kuzitoa nyuzi moja baada ya nyingine. Mzee alisubiri kusemwa. Alikuwa tayari hata kukasirika, ili iwe rahisi.

"Baba," mkwe akasema, "kidole kilikuwa wapi?"

"Kidole?"

"Cha kubonyezea. Wakati unafungua."

Mzee akaonyesha kwa mkono mzima. Mkwe akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. Kisha akakunja mkono wa shati lake mpaka karibu na kiwiko, akamwonyesha kovu refu, linang'aa. "Mimi nilikuwa naibeba huku kidole kiko palepale. Nikajikwaa kwenye kipande cha mbao nilichokiacha mwenyewe sakafuni. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula."

Mzee Randa alilitazama kovu lile. Mtoto huyu alikuwa akikaa nyumbani kwake, anakula mezani kwake, na yeye hakuwahi kuliona. Au aliliona, hakuuliza.

"Mjomba alikufundishaje msumeno?" mkwe akauliza.

"Mjomba? Hakunifundisha. Alinikataza kuugusa. Nikawa naupaka mafuta tu, naufuta, naunoa, nauning'iniza. Mpaka nikauota."

"Basi kubali na mimi nikufundishe hivyohivyo. Si kwa sababu ya jeraha. Nimesikia ulisema mkono haukuuma."

Mzee akageuka kumwangalia mkewe aliyekuwa mlangoni. Ndiye pekee aliyeambiwa siri hiyo, njiani. Mkewe akayaangalia mawingu.

"Mimi niwe mwanafunzi? Na mvi hizi?"

"Na ada ulipe!" mkewe akadakia.

Jeraha lilipopona, masomo yakaanza. Siku ya kwanza mkwe hakumruhusu kuwasha chochote. Ilikuwa kupachika betri na kuichomoa tu, kupachika na kuchomoa, kidole cha kubonyezea kikiwa kimenyooka ubavuni mwa mashine, mpaka mzee akalalamika kwamba anafundishwa kazi ya swichi. Koti nalo lilikuwa limeshaamuliwa: mkewe alilikata mikono yote miwili, akalikunja pindo, likawa kizibao, na mzee akalivaa kwa kinyongo halafu kwa mazoea. Miwani aliikwepa kwa madai kwamba inamfanya aonekane chura. Mkwe hakubishana naye. Alimpa kipande cha mbao ngumu atoboe, na chembe iliporuka ikamgonga shavuni, chini kidogo tu ya jicho, aliomba miwani mwenyewe.

Kosa jingine alilifanya bila kujua. Alikuwa na tabia ya kuweka misumari mfukoni, tabia ya ujana, na siku moja akaitumbukiza na betri humohumo ili mikono iwe huru. Punde akaanza kucheza kama mtu aliyeingiwa na siafu.

"Baba, mfukoni una nini?"

"Misumari! Na betri! Na moto!"

Akaumwaga mfuko wote chini. Msumari mmoja ulikuwa umelala juu ya vyuma vya betri, umegusa upande huu na upande huu, na ulikuwa na joto la kuunguza. Mkwe akamweleza kwamba umeme ukipata njia ya mkato hausubiri kuambiwa, na kwamba betri lazima itembee na kifuniko chake, peke yake. Mzee alipenda kuelezwa. Mjomba wake hakuwahi kueleza kitu. Alipiga kofi, sababu uitafute mwenyewe. Kuanzia hapo akawa anauliza kila jambo. Kwa nini chaja isiwekwe juu ya kochi? Kwa sababu betri ikijaa inapata joto, na kochi linalifuga joto na lenyewe linawaka. Weka kwenye saruji, mahali unapoiona. Kwa nini isiachwe kwenye bati juani? Kwa sababu ileile. Kwa nini chaja hii isitumike kwa betri ya jirani? Kwa sababu kila aina ya betri ina chaja yake. Alikwenda na majibu hayo hadi kwa jirani mwenyewe, ambaye hakuwa ameuliza.

Wakaanza kwenda kazini pamoja. Mzee alipima na kupiga mistari, kwani jicho lake halikuwa limezeeka, na alitoboa na kufunga skrubu. Mkwe alikata na kubeba. Hivyo ndivyo walivyopata kazi ya rafu kwenye shule ya watoto wadogo, ukuta mzima, na mwalimu mkuu alizitaka ziwe tayari kesho yake asubuhi watoto wakirudi kutoka likizo.

Mchana wa siku ile, mkwe akiwa juu ya ngazi, betri ilimponyoka wakati wa kuibadilisha. Ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kwa kona. Ilipasuka kidogo tu, ufa kama unywele. Wakaendelea na nyingine mpaka zikaisha, wakaziweka kwenye chaja kwa zamu, na zamu ya ile iliyoanguka ilipofika, mzee aliiokota kwanza, akaigeuza. Ubavu ulikuwa umetuna. Akaiweka juu ya saruji sawa, ikatikisika, haikai.

"Lete tu, baba," mkwe akasema. "Inatosha kumalizia rafu ya juu."

"Hapana."

Lilikuwa neno la kwanza la kumkatalia alilowahi kumwambia usoni. Wote wawili walilisikia.

"Ni ufa mdogo. Naijua betri hii."

"Uliniambia iliyovimba haiwekwi kwenye chaja."

"Nilikuambia mengi, baba. Leo nimechoka, na mwalimu anasubiri."

"Na mimi niliyasikia yote," mzee akasema. "Asubiri."

Mkwe akageuka, akaanza kufagia vumbi la mbao kwa nguvu isiyohitajika. Mzee akatafuta debe, akatia mchanga kutoka kwenye uwanja wa kuchezea, akailaza betri humo kwa mikono miwili kama yai, akalipeleka debe katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na miti, mbali na kila kitu. Kisha akarudi. Palikuwa na betri moja tu kwenye chaja, taa yake nyekundu inapepesa. Hakuna la kufanya ila kungoja.

Viti vyote vya darasa lile vilikuwa vya watoto. Wakakaa hivyohivyo, magoti karibu na masikio, kila mtu upande wake. Mkwe alikuwa bado amenuna. Mara kwa mara mzee aliinuka, akaenda dirishani kutazama debe, akarudi, akajikunja tena kwenye kiti. Alipoinuka mara nyingine, kiti kikainuka naye.

Mkwe alijitahidi. Alibana midomo, akatazama dari. Kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka miwani ikamwangukia puani, na mzee, akiwa amesimama na kiti cha mtoto nyuma yake, akacheka hadi akakohoa. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni, akaona bora arudi baadaye.

"Ungeniacha tu niiweke," mkwe akasema alipopata pumzi, "ningekaa hapa nasali ijae salama. Nilikuwa najua. Ni uchovu tu."

"Uchovu ndio uliomkata mkono mjomba wangu," mzee akasema. "Si msumeno." Akamsimulia habari hiyo, ambayo hata mkewe hakuwa ameisikia yote, na taa ikageuka kijani kabla hajamaliza, na hakuna aliyeinuka mpaka alipomaliza.

Rafu zilikamilika jua likiwa bado lipo. Betri iliyovimba haikufanya lolote. Ililala kwenye mchanga wake, ikatuna kidogo zaidi, basi. Mkwe aliipeleka kwenye duka linalopokea betri mbovu. Mzee Randa aliporudi nyumbani alimlalamikia mkewe. "Nimeichungulia weee! Hata moshi kidogo haikutoa!"

"Ulitaka ilipuke?"

"Sikutaka. Lakini ingenisaidia kidogo."

Mwanawe alirudi kutoka safari mwishoni mwa mwezi huo. Alimkuta baba yake mezani, amevaa kizibao chenye vumbi, miwani ya plastiki imepandishwa kwenye paji la uso, anakula kwa haraka kama mtu anayesubiriwa kazini. Akavuta kiti, akasalimia, akauliza habari za mkono.

"Mkono mzima. Kula upesi, kisha utusaidie kubeba mlango. Mwanangu amebaki bandani peke yake."

"Baba," kijana akasema, "mimi niko hapa."

"Si wewe," mzee akamjibu, akaendelea kula.